Pimbi na Kazi ya Nusu Siku

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa wengine, wanyama walikuwa na nyumba, simu na kompyuta kama sisi. Msiniulize umeme waliupata wapi.

Pimbi alikuwa mdogo wa mwili, lakini kwa kuandika programu za kompyuta hakuna aliyemfikia. Tabu yake ilikuwa moja. Mama yake alikuwa kitandani mwaka wa pili, hawezi hata kujigeuza, na kila adhuhuri lazima ageuzwe na anyweshwe uji. Waajiri wote walitaka mtu wa kutwa. Pimbi alirudi pangoni akalia kimyakimya, mama asisikie.

Siku moja Kiboko, mwenye bwawa, akatangaza kwamba anatafuta waandishi wa programu wa nusu siku. Alitaka programu ya kuendesha lango la bwawa, wanyama wanywe kwa zamu bila kukanyagana. Pimbi akaenda mbio, akaeleza kwamba mchana huwa na mama yake. Kiboko akamwambia afanye kwanza jaribio la bure: aandike saa ya kufungua na kufunga lango. Akiridhika, atampigia simu.

Njiani akakutana na shoga yake Kanga. Kanga mnamjua, neno halilali mdomoni mwake. Akamweleza kwamba naye alifanya jaribio, akaandika kengele ya kuita zamu. Nungunungu aliandika orodha ya majina, na Kima akaandika foleni. Wote waliambiwa watapigiwa. Mwezi wa tatu huo, simu kimya jii.

"Labda tumefeli, shoga," Kanga alisema.

Pimbi akahesabu kwa vidole. Majina, foleni, kengele, saa.

"Mmefaulu nyote," akasema. "Ndiyo maana hapigi. Si sisi anaotutaka, ni vipande vyetu."

Kanga alitaka bonde zima lijue kabla ya magharibi. Pimbi akamwomba afunge mdomo wiki moja tu, na mtihani huo ulikuwa mgumu kwa Kanga kuliko ule wa kengele.

Pimbi akaandika saa yake kwa uangalifu. Juu kabisa akaweka maelezo kwa herufi kubwa, kwamba saa hii ni ya mfanyakazi wa nusu siku, nayo itafanya kazi nusu siku. Kiboko akaipokea, hakusoma hata mstari, akaiunga na vile vipande vingine. Simu haikupigwa.

Siku ya uzinduzi lango likafunguka alfajiri, kriii. Wanyama wakanywa kwa zamu, wakasifu. Kiboko akavimba, akisema programu yote ameiandika mwenyewe.

Jua lilipofika utosini, lango likajifunga. Pu!

Ndovu alikuwa ndiyo kwanza anafika na watoto wake, wametembea siku mbili, midomo imekauka.

"Fungua basi, fundi," Ndovu alisema. "Si umeiandika mwenyewe?"

Kiboko akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Hajui lolote. Jasho likamtoka, akakimbilia kwa Pimbi, Ndovu na watoto wake nyuma. Mwili wa Kiboko haukuingia pangoni, ikabidi apenyeze pua tu.

"Pimbi mwanangu, njoo bwawani mara moja."

"Siwezi, baba. Mchana niko na mama. Nilikuambia tangu siku ile."

"Nitakuajiri kutwa. Nitakupa na cheo."

"Nusu siku, kama ulivyotangaza. Na Kanga, na Kima, na Nungunungu vilevile. Andika, Mzee Ndovu ashuhudie."

Kiboko akageuka kumtazama Ndovu. Ndovu hakupisha njia. Kiboko akaandika, akatia sahihi.

Pimbi akamfuta mama mdomo, akamlaza ubavu wa pili taratibu, kisha akaipakata kompyuta na kubadilisha mstari mmoja. Kutoka bondeni ikasikika kriii, na watoto wa Ndovu wakateremka mbio.

Basi wajukuu zangu, anayeitaka kazi ya mtu, amtake na mtu mwenyewe.