Kifungo cha Juu cha Mzee Jamleck

Binadamu akipatwa na dhiki hupenda kutafuta chanzo chake mbali. Atamshuku jirani mwenye kijicho, atalaumu hewa ya mji, atachimbua hata maradhi ya ukoo. Kujikung'uta mwenyewe ndilo jambo analolikumbuka mwisho, na ndiyo maana wahenga walituonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mzee Jamleck wa Kilimani alilijua onyo hilo vyema. Alikuwa akiwatolea wenzake kila walipogombana, wala hakudhani kwamba siku moja lingemgeukia yeye.

Mzee huyu alikuwa mgane na mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Tangu mwaka uanze alikuwa akizirai kanisani. Alianguka wakati wa sadaka, akaanguka mahubiri yakiendelea, akaanguka hata mazishini. Nyumbani alikuwa buheri wa afya. Walimwengu nao hawana dogo: huyu alisema ni moyo, yule akanong'ona kwamba mzee ana jambo lake na Mungu. Daktari Ravneet, mtaalamu wa moyo katika kliniki moja ya Hurlingham, alimpima kuanzia utosini hadi unyayoni asione kasoro.

Sasa harusi ya Waringa, binti yake wa pekee, ilikuwa Jumamosi hiyo. Jamaa walikuwa wamekata shauri kwamba Kiarie, ndugu mdogo wa mzee, ndiye angemshika mkono bibi harusi hadi madhabahuni, isije ikawa aibu mbele ya wageni. Mzee Jamleck aliposikia hayo alikosa hata hamu ya kula.

"Mkague upya," Daktari Ravneet alimwambia muuguzi Mwongeli. "Mchukulie kama mtu ambaye hatujawahi kumwona."

Alikuwa amemchagua mtu wake. Wenzake walikuwa wakimtania Mwongeli kwamba akiulizwa saa, kwanza atauliza saa yenyewe ilinunuliwa wapi. Alimkalisha mzee, akavuta kiti karibu, akaanza kudadisi.

"Mzee, siku ile ya mwisho ulianguka ukifanya nini?"

"Sikuwa nafanya kitu, sista. Nilikuwa nimekaa tu kiti ya mbele."

"Baba, sema ukweli," alidakia Waringa, aliyekuwa amemsindikiza. "Ulikuwa unageuka kuona nani amechelewa. Kila Jumapili ni hivyo."

"Sasa kama mzee wa kanisa haangalii, ni nani ataangalia?"

Mwongeli alicheka, kisha akauliza, "Na nyumbani ukigeuka hivyo, hausikii kizunguzungu?"

"Hapana. Hata gari narudisha nyuma mwenyewe."

Basi shida haikuwa kugeuka peke yake. Kanisani kulikuwa na nini cha ziada? Mwongeli alimtazama mzee alivyoketi ndani ya sweta lake pana la shingo wazi. Akakumbuka kwamba kila alipokuja kliniki alivaa hivyo, na hata hilo sweta walimvua kabla ya kumpima. Kumbe siku zote walikuwa wakimpima mtu wa nyumbani. Yule wa kanisani hawakuwahi kumwona.

"Kesho uje umevaa vile unavaa kanisa," alisema. "Kila kitu, mpaka viatu."

"Sista, kwani unataka kumpima ama kumpiga picha?" Waringa aliuliza.

Kesho yake mzee aliingia amevaa suti nyeusi, tai na shati jeupe lililofungwa hadi kifungo cha juu. Nyama ya shingo ilikuwa imemwagika juu ya kola kama unga uliofura.

"Hii shati inakubana, mzee?"

"Inibane aje? Ni marehemu mke wangu Hannah alinishonea. Na shingo yangu haijabadilika tangu siku ya harusi yetu," alijigamba.

Walimwunganisha na mashine ya moyo akiwa ameketi, Daktari Ravneet kando yake. Mwongeli akasema, "Sasa geuka polepole, kama kuna mtu amechelewa."

Mzee aligeuka. Mapigo kwenye kioo yakaanza kuachana, kisha mstari ukalala. Uso wake ukapauka, kichwa kikainama. Mwongeli alikifungua kifungo upesi, na baada ya kitambo mapigo yakarudi.

"Ibada imeisha?" mzee aliuliza akipepesa macho.

Daktari alimweleza kwamba shingoni kuna mshipa ambao ukibanwa, moyo hudanganyika ukapunguza mwendo. Kola ilibana, na kichwa kilipogeuka ikabana zaidi. Dawa yake ilikuwa kuliacha shati lile.

Hapo mzee alikuja juu. "Kwa hivyo mnasema Hannah ndiye ananiangusha? Haiwezekani! Kama ni hivyo, wacha Kiarie ampeleke msichana. Hii shati siachi."

Waringa aligeukia ukuta kuficha machozi. Mwongeli alimhurumia, lakini macho yake ya udadisi yalikuwa hayajatoka kwenye ile kola. Kando ya kifungo kulikuwa na vitundu vidogo vya sindano, kundi baada ya kundi, kuelekea ndani ya kola.

"Mzee, hivi vitundu ni vya nini?"

Mzee hakujua. Waringa alisogea akatazama, akaipapasa kola kwa kidole, na uso wake ukabadilika.

"Mama alikuwa anasongesha kifungo," alisema. "Kila Krismasi nilikuwa namwona na sindano na mashati zako. Mimi nilidhani anakaza tu vifungo vilivyolegea."

"Kwa hivyo shingo yangu..."

"Imekuwa ikinenepa miaka yote, Baba. Ni vile tu hakutaka ujue."

Mzee Jamleck alilia waziwazi. Tangu Hannah afariki, hakuna mkono uliokigusa kile kifungo, na shingo haikuacha kunenepa. Alilivua shati, akaona kwamba ukingoni pa kola palibaki nafasi ya upana wa kidole.

"Waringa, nisongeshee," alisema. "Vile mama yako angefanya."

Kliniki ilimpima tena akiwa na kola iliyolegezwa, akageuka huku na huku, na moyo haukutetereka. Kiarie akaambiwa akae na wageni wengine.

Jumamosi, mchungaji alikuwa anauliza ni nani anayemtoa bibi harusi, mara mlango wa nyuma ukalia. Ni Mwongeli, ambaye zamu ilikuwa imemchelewesha. Pale mbele, akiwa na shati la Hannah mwilini na mkono wa binti yake mkononi, Mzee Jamleck aligeuka shingo nzima kuona ni nani huyo. Mwongeli alishikwa na hofu, akasimama palepale mlangoni. Mzee alimkazia macho, kama anavyowakazia wachelewaji wote, kisha akamgeukia mchungaji.

"Ni mimi," alijibu kwa sauti kubwa. "Babake."

Ugonjwa walikuwa wameutafuta moyoni, damuni na kichwani, na mhalifu alikuwa kifungo kimoja tu. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.