Kamba ya Michembe ya Mama Kabula

Hapo zamani za kale, wanangu, siku zilikuwa bado hazijapewa majina. Hakukuwa na Jumatatu wala Ijumaa. Kulikuwa na jana, leo na kesho, basi. Na hiyo kesho, weee! Ilikuwa mwizi mkubwa. Ukimwomba mtu jambo anakwambia kesho, na ikifika kesho yake anakwambia kesho tena. Msicheke. Hata ninyi mna kesho za namna hiyo, nawajua.

Katika nchi hiyo waliishi majirani wanne: Tembo, Fisi, Ngiri na Digidigi. Digidigi mnamjua? Kijinyama kile chenye macho makubwa na miguu kama vijiti vya mshikaki. Basi huyu Digidigi wetu alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Kitindamimba wake aliitwa Kabula, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, kwa hiyo kila mtu alimwita Mama Kabula.

Majirani hawa walikuwa na desturi ya kulimiana kwa zamu. Leo wote shambani kwa huyu, halafu wote kwa yule, mpaka wamalizane. Desturi nzuri, sivyo? Nzuri kwa wenye haya.

Mwaka mmoja Mama Kabula alilima kwa Tembo, akalima kwa Fisi, akalima kwa Ngiri, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Zamu yake ilipofika, akatenga jembe, akabandika chungu, akangoja. Kimya! Akaenda kuwauliza.

"Zamu yako?" alisema Fisi. "Mbona ilishapita, Mama Kabula! Si ilikuwa juzi?"

"Mimi nilijua ni kesho," alisema Tembo, akijikuna sikio.

"Mimi nilisahau tu," alisema Ngiri. Huyu angalau alisema kweli.

Mvua ikanyesha kwenye shamba lenye vichaka. Watoto wa Digidigi wakalala njaa. Kabula alichukua bakuli akaenda kwa Fisi kuomba mtama. Fisi alimtazama, akacheka, akamwambia, "Njoo kesho." Mtoto akaamini. Akaenda kesho yake, na kesho yake tena, mpaka siku moja miguu ikamgoma njiani, na mama yake akamkuta ameketi vumbini na bakuli lake tupu mapajani.

Siku hiyo Mama Kabula alilia. Alilia kweli, jamani. Kisha akafuta machozi, akambeba mwanawe mgongoni, akaanza kufikiri. Na Digidigi akianza kufikiri, wewe mkubwa kaa chonjo!

Mwaka mzima aliokoteza. Alichimbua viazi vitamu vya masalia katika mashamba ya watu, akavikata vipande, akavianika juani mpaka vikawa michembe, mikavu na mitamu. Aliokoteza mahindi, kunde na karanga, akajaza gunia moja. Gunia lenyewe ndilo lililokuwa mbegu zake zote, na chakula cha siku ya kulima. Shamba lisipolimwa mwaka huo, lile gunia wangelila, na baada ya hapo hakuna kitu.

Alipoona migunga imeanza kuchipua, akajua mvua haiko mbali. Akatunga michembe kwenye kamba nne, kila kamba vipande kumi. Akaenda nazo kisimani, saa ambayo wote huenda kunywa maji.

"Majirani zangu, hamjambo?"

"Hatujambo. Na hizo kamba, Mama Kabula?" aliuliza Fisi, udelele ukimtoka.

"Zenu hizi, Bwana Fisi. Mwaka jana tulichanganyana siku, na mimi simlaumu mtu. Basi kila mmoja atundike kamba yake nyumbani. Kila asubuhi mle kipande kimoja. Kimoja tu! Siku mtakayokula cha mwisho, ndiyo siku ya kulima kwangu. Na chungu cha kande zenye karanga kitakuwa motoni."

"Kande zenye karanga!" alisema Tembo.

"Na togwa."

"Na togwa! Lo!"

Fisi akataka aonekane ndiye mwungwana kuliko wote. Akapanda juu ya jiwe, akapaza sauti mbele ya wanyama wote waliokuja kunywa maji. "Sikilizeni! Mimi nasema hivi: atakayekula zaidi ya kipande kimoja kwa siku, mlafi huyo, alilime shamba zima peke yake, na sote tuje kumtazama!"

"Tumekubali!" wakaitikia wote. Mama Kabula akainamisha kichwa kwa adabu.

Akarudi nyumbani, akatundika kamba yake ukutani, akawaita wanawe.

"Noeni panga," akawaambia. "Kesho atakuja Fisi kufyeka."

"Kesho?" akashangaa Kabula. "Mama, si mpaka kamba iishe?"

"Ya kwake itakuwa imeisha."

"Na Mjomba Tembo?"

"Tembo ni mkubwa lakini ana aibu kidogo. Huyo mpe siku nne. Kufikia hapo majani yatakuwa yamekauka, tutayachoma, visiki vitaonekana. Visiki ndiyo kazi yake."

Mmesikia? Mwanamke huyu hakupanga siku tu, alizipanga kazi zake kwa matumbo ya wenzake! Akili zao zilisahau kila kitu, lakini matumbo yao hayajawahi kusahau hata mara moja. Mimi mama huyu ananikosha moyo, sifichi.

Tumwendee Fisi. Alifika kwake, akaitundika kamba, akaketi mbele yake. Akaitazama. Akasimama. Akaketi tena.

"Kipande kimoja kila asubuhi," akasema. "Asubuhi ya kesho si itafika tu? Ngoja nile cha kesho." Krap! "Na kesho kutwa si itafika tu?" Krap! Krap! Kisha akapata wazo, akajipiga kifua kwa furaha. "Ala! Siku ya kande ni siku ya kipande cha mwisho. Basi nikila haraka, kande zitafika haraka! Wenzangu ni wajinga kweli." Krap, krap, krap! Kamba ikabaki nyuzi. Akalamba nyuzi.

Kulipokucha tu, huyoo, mbio shambani.

"Hodi! Hodi Mama Kabula! Siku imefika!"

"Karibu, Bwana Fisi! Wewe ndiye mwenye kushika ahadi. Panga hilo hapo."

"Kande je?"

"Kande zinaiva kwa kutazamwa? Fyeka kwanza."

Fisi akafyeka. Fya! Fya! Fya! Vichaka vikalala chini. Jua likapanda, akanyanyua shingo kutazama njiani.

"Mama Kabula, mbona wenzangu siwaoni?"

"Hata mimi nashangaa," akasema Mama Kabula, macho yake makubwa yakizidi kuwa makubwa. "Labda kamba zao hazijaisha. Kabula, mwanangu, kimbia kawaite wanyama wote wa kisimani, waje tuhesabu kamba ya Bwana Fisi na za wenzake."

Fisi akakumbuka maneno aliyoyasema juu ya jiwe. Jasho likamtoka mpaka kwenye ndevu.

"Hapana, hapana! Ya nini kuwasumbua watu? Nifyeke kidogo tu hapa." Fya fya fya fya! Akafyeka shamba zima mpaka mpakani, hakuinua kichwa. Alipomaliza akadai ana mgonjwa nyumbani, akaondoka akichechemea, wala kande hakuziuliza tena.

"Asante, Bwana Fisi! Mpe pole mgonjwa!" Mama Kabula akamwita kwa nyuma.

Majani yakakauka, wakayachoma. Siku ya nne, dunia ikatetemeka. Puu! Puu! Puu!

"Hodi," akasema Tembo kwa sauti ndogo.

"Karibu, Mzee Tembo. Umefika siku yake?"

"Kamba imeisha," akasema Tembo akitazama kando. Ilikuwa imeisha kweli. Siku ya kwanza alikula kimoja, kikapotelea jinoni. Siku ya pili akajiambia, mtu mkubwa kama mimi kipande changu ni viwili. Ya tatu akajiambia ni vitatu. Ya nne akamalizia, asubuhi hiyohiyo.

"Visiki hivyo hapo, Mzee Tembo. Ukichoka useme, niwaite wenzako wakusaidie."

"Usiwaite!" akadakia Tembo.

Akashika kisiki kwa mkonga. Ng'o! Kikatoka na mizizi yake. Kingine, ng'o! Akang'oa vyote, kisha akaushika mzizi mkubwa akauburuta shambani kote, udongo ukapinduka ukawa mwekundu, laini. Kazi ambayo ingemchukua Digidigi mwaka mzima! Alipomaliza akanywa maji, akashukuru, akaondoka ananyata. Tembo ananyata, mmewahi kuona?

Sasa msidhani nyumbani kwa Mama Kabula mambo yalikuwa mepesi. Kamba yao ilining'inia ukutani, na kwenye jungu njaa ilikuwa ileile. Kila asubuhi kipande kimoja kilikatwa mara tatu, kila mtoto kidogo. Mama mwenyewe hakula. Siku moja Kabula alisimama chini ya kamba, akainua mkono, akaushusha.

"Mama, kimoja tu. Cha kesho."

Moyo wa mama ukamkatika. "Mwanangu, tukila cha kesho, kesho tutaamka hatujui tulipo. Unakumbuka ulivyokwenda kwa Fisi na bakuli?"

"Nakumbuka."

"Kwake kesho haikuwa na mwisho. Hii yetu ina mwisho. Itazame, unauona."

Kabula akaitazama kamba. Vilibaki viwili. Akaenda kucheza na ndugu zake.

Siku ya kipande cha mwisho ikafika. Mama Kabula akabandika chungu alfajiri. Jua halijapata nguvu, wakasikia mguno. Alikuwa Ngiri, mkewe na watoto wao wote, mikia imesimama wima kama bendera.

"Hodi hapa! Leo ndiyo leo," akasema Ngiri. "Mke wangu aliikalia kamba siku zote hizi. Nilimwomba, nikamlilia, akaninyima katakata."

"Alitaka kula hadi uzi," akasema Mama Ngiri. "Nikamwambia, mwaka jana ulinitia aibu kwa jirani, mwaka huu hutanitia tena."

Ngiri akatazama shamba. Limefyekwa, limeng'olewa visiki, limepinduliwa.

"Salaale! Mama Kabula, nani kafanya yote haya?"

"Kamba," akajibu.

Ngiri na familia yake wakatumbukiza pua ardhini, mfu mfu mfu, wakainua matuta yaliyonyooka. Watoto wa Digidigi wakafuata nyuma wakidondosha mbegu, Kabula mbele yao. Kufikia mchana punje ya mwisho ilikuwa chini ya udongo. Wakanawa mikono, wakaketi, Mama Kabula akafunua chungu.

Harufu ya kande zenye karanga ikatoka, ikavuka kilima. Haukupita muda, huyo Fisi, ulimi nje. Na nyuma yake, puu puu puu, Tembo.

"Ala! Mnakula bila sisi?" akafoka Fisi. "Mimi nililima hapa kabla ya wote!"

"Kabla ya wote kivipi, Bwana Fisi?" akauliza Mama Kabula kwa upole. "Kipande cha mwisho kimeliwa leo."

Tembo akamtazama Fisi. Fisi akamtazama Tembo.

"Kumbe na wewe!" wakasema kwa pamoja.

Ngiri akaanguka chini kwa kicheko. Fisi akakasirika, manyoya ya shingo yakasimama.

"Ulijua! Ewe mwanamke mdogo, tangu kule kisimani ulijua nitakula zote!"

"Nilijua."

"Ulituchezea!"

Mama Kabula akainuka. Alimfikia Fisi magotini, lakini siku hiyo, wanangu, Fisi ndiye aliyeonekana mdogo.

"Mwaka jana mwanangu alikuja kwako na bakuli, ukamwambia njoo kesho. Akaja kila siku mpaka akaanguka njiani. Kesho yako ilitaka kuniulia mtoto. Basi nikatengeneza kesho yangu, nikaitunga kwenye kamba, ukaila yote kwa usiku mmoja. Mimi nimekukosea nini?"

Tembo akainamisha masikio. "Tumekukosea, Mama Kabula," akasema. "Sisi ndio tuliokukosea."

Ndipo Kabula akainuka. Akachukua lile bakuli lake, lilelile, akalijaza kande mpaka likafurika, akamwekea Fisi miguuni.

"Kula leo," akamwambia.

Fisi akalitazama bakuli. Yule mlafi, mwenye kulamba hata nyuzi, akashindwa kumeza tonge la kwanza. Akalia. Wakati analia, tone likamdondokea puani. Akadhani ni chozi. Likaja jingine, ta! Na jingine, ta, ta, ta! Mvua! Ikashuka shwaaa juu ya matuta, na Kabula akatoka mbio kucheza ndani yake.

Kuanzia mwaka huo kila nyumba ikatundika kamba ukutani, na mpaka leo watu hutundika kalenda palepale. Nasikia ukoo wa Fisi wakatunga ya kwao kwa mawe, maana hata yeye alijijua.

Hadithi yangu nimeishusha hapa, asiyeichukua asinilaumu: asiyepanga siku zake, hupangiwa na mwenzake.