Kufuli la Kisima

Mtu mmoja alikuwa na kisima chenye kufuli. Aliitwa Mkude, na kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa nyapara katika kiwanda cha ngozi, kile kikubwa cha eka sitini, kabla hakijafungwa. Kilipofungwa, wenzake waliondoka na barua za shukrani. Yeye alipewa kiwanja, chini kidogo ya ukuta wa kiwanda, kwenye mteremko unaokwenda mtoni. Watu wakasema Mkude ana bahati. Akajenga nyumba ya matofali, akachimba kisima, na maji yakatoka matamu.

Miaka mingi kisima hicho kilikuwa wazi, na yeyote mwenye ndoo aliteka. Kisha maji yakaanza kubadilika. Kwanza yakawa na ladha kama ya sarafu mdomoni. Halafu ukiyatia kwenye bilauri unaona manjano kwa mbali. Mbuzi wawili wakafa katika wiki moja. Mikono ya mkewe, Mama Leokadia, ikatoka vidonda vidogo vidogo ambavyo dawa ya zahanati haikuvigusa. Mkude hakuuliza kuna nini kwenye maji. Aliuliza ni nani.

Na mtu akishauliza "nani", jibu halimkosi. Ng'ambo ya ua wa minyaa, kwenye mwinuko, aliishi mjane mmoja, Bibi Pulkeria. Waliwahi kugombana naye kwa hatua tatu za ardhi. Macho yake yalikuwa mekundu. Na yako yangekuwaje, ungepikia kuni mbichi miaka hamsini? Mbuzi wake hawakufa. Kisima chake hakikubadilika. Kwa Mkude huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. "Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mkewe, na huku akisema alikuwa anatazama nguo za jirani.

Akaenda kwa fundi, akatengenezewa mfuniko wa chuma wenye komeo, akautia kufuli kubwa kama ngumi. Ufunguo akauning'iniza shingoni, pale wenzake wanapovaa rozari. Tangu hapo akawa mtu wa kuhesabu nyayo. Asubuhi alifagia mchanga kuzunguka kisima, na jioni aliukagua. Aliyepita njiani akikohoa, huyo ana neno. Aliyepita kimya, ndiye hasa. Sokoni alilitaja jina la Pulkeria mbele za watu, mara moja, mara ya pili, mpaka wauza nyanya wakaanza kumrudishia mama wa watu chenji yake bila kumgusa mkono.

Pulkeria naye hakuacha ujirani. Siku moja alileta uji kwa Mama Leokadia, akamimina kwenye kikombe, akaonja mwenyewe mbele yao ndipo akampa. Ndivyo desturi ya kule inavyotaka: anayekupa cha kunywa huonja kwanza, kutoa uchawi. Mkude alisubiri mpaka mgongo wa mjane ulipopotea nyuma ya minyaa, akauchukua ule uji na kuumwaga migombani.

"Baba Leokadia! Si ameonja?" mkewe akamaka.

"Ameonja upande wake wa kikombe."

Mnacheka? Chekeni tu. Mtu akishakushuku, hata unywe sufuria nzima atasema una dawa ya kutapikia nyumbani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Mkude hakulitia kwenye hesabu zake. Mwezi wa mwisho wa kiwanda, meneja alimwita ofisini. Palikuwa na mapipa mia mbili, mengine ya dawa za kutengenezea ngozi, mengine ya tope lililokombwa mashimoni, na wakaguzi walikuwa njiani. Jumapili, watu wakiwa misani, Mkude na vibarua wawili waliyazika yote nyuma ya mashimo ya kulowekea ngozi. Wakafukia, wakashindilia, wakamwaga kokoto, na baadaye wakapanda mikaratusi juu yake. Vibarua wale wawili walishakufa. Meneja alihama na hajulikani aliko. Kile kiwanja cha bahati kilikuwa malipo ya kufunga mdomo. Msidhani Mkude alisahau. Aliliweka jambo lile mahali ambapo moyo wake haukupita.

Mwaka huo binti yake, Leokadia, akarudi nyumbani na mimba ya miezi mitano. Kwao mwenye mimba ya kwanza hujifungulia kwa mama yake. Mkude alifurahi mpaka akaimba, kisha akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akamwita binti yake na kumwonya: usipokee kikombe cha mtu, usiteke kwa mtu, hasa huko juu. Maji yako ni haya ya kufuli tu. Kila asubuhi alikifungua kisima mwenyewe, akateka mwenyewe, akaonja mbele ya mwanawe, halafu akampa.

"Kunywa, mama," alimwambia. "Haya hayajaguswa na mkono wa mtu."

Na hakusema uongo. Leokadia akanywa asubuhi, akanywa mchana, akanywa jioni, kwa upendo wa baba. Miguu ikamvimba. Uso ukampauka. Kliniki wakampima, wakasema mtoto ni mdogo kuliko miezi yake. Siku aliyopata habari hiyo, Mkude alikwenda dukani akanunua kufuli la pili.

Haukupita muda wakaja wataalamu wa udongo na maji. Walitoboa vishimo vyembamba ndani ya kiwanda na nje ya ukuta, wakazamisha mabomba, wakavuta maji na kuyatia chupani. Kiongozi wao alikuwa mwanamke aliyevaa gambuti, jina lake Havijawa. Aliwakusanya wafanyakazi wa zamani kwenye ukumbi wa parokia akawaeleza: kuna kitu kimezikwa kwenye zile eka sitini, na kimeanza kuvuja. Tukichimba ovyo tutakipasua kabisa. Tukikiacha, kitazidi kushuka na maji ya ardhini mpaka mtoni. Anayejua kilipo atuambie, tumeona watoto wanaugua huku chini.

Ukumbi mzima ukatazama viatu. Mkude peke yake alitazama nyuso, aone ni nani atakayefungua mdomo. Hakufungua mtu, kwa kuwa aliyekuwa na la kusema alikuwa yeye. Akilini akawageukia wageni. Hawa wametumwa kuninyang'anya kiwanja. Mtaalamu gani wa udongo ana kucha safi namna ile? Na chupa zile, wakishazijaza, wanazipeleka wapi? Walipofika kwake kuomba maji ya kupima, alisimama mbele ya kisima, kifua wazi, makufuli mawili yanang'aa nyuma yake.

"Kimekauka," alisema.

Lakini Leokadia alikuwa barazani, akasikia. Alimtazama baba yake, akaitazama chupa tupu mkononi mwa yule mgeni, na kwa mara ya kwanza shaka ikamwingia na yeye, ila yake ilielekea upande mwingine. Kesho yake, Mkude alipokuwa anaoga, funguo zake zimetundikwa msumarini, binti alifungua makufuli yote mawili, akateka, akajaza chupa, akawapelekea wataalamu mwenyewe mpaka kwenye geti la kiwanda.

Siku ya kumi Havijawa akarudi na chupa mbili. Akaziweka juu ya mfuniko wa kisima, sambamba, Mkude na mkewe na Leokadia wakiangalia. Moja ilikuwa nyeupe. Hii, akasema, ni ya Bibi Pulkeria. Kisima chake kiko juu, maji ya kiwandani hayapandi huko, nayo ni salama. Ya pili ilikuwa ya manjano, na hakuwa na haja ya kusema ni ya nani.

Mkude akasahau hata kuuliza imetoka wapi. Aliruka kama aliyeshinda kesi. "Mmeona? Si nilisema? Mmeniita mwendawazimu mji mzima! Kuna mtu ananitilia kitu, na nimefunga makufuli mawili!"

Yule mwanamke akachuchumaa chini, kama mtoto anavyosema na mzazi, akamjibu taratibu: "Mzee wangu, kufuli liko juu. Maji yanaingia kwa chini."

Mkude akainua macho kwenye ukuta wa kiwanda, hatua arobaini kutoka alipokuwa amesimama. Juu ya ukuta zilionekana ncha za mikaratusi aliyoipanda kwa mkono wake, na katikati ya mstari miti mitatu ilikuwa imekauka. Akaufuata mteremko kwa macho, kutoka kwenye miti mpaka ukutani, kutoka ukutani mpaka kisimani, kutoka kisimani mpaka kwenye tumbo la mwanawe. "Yesu wangu," akasema, "nimemnywesha mwenyewe. Kila asubuhi. Na nilikuwa naonja!" Akalia mbele ya mgeni bila aibu, mtu mzima mwenye mvi.

Kisha akachukua jembe, akaelekea kiwandani, Havijawa nyuma yake. Hakumsalimu mlinzi wa getini. Alianzia kwenye bomba la moshi, akahesabu hatua sitini na nane, akakata kushoto mpaka chini ya miti iliyokauka, akalipiga jembe ardhini. "Ni hapa," akasema. "Mapipa mia mbili. Mimi ndiye niliyezika."

Mapipa yalitolewa moja moja, mengine hayakuwa na kitako. Udongo uliochafuka ulichotwa na kupelekwa kunakoondolewa sumu, na maji ya chini yanavutwa na kusafishwa mpaka leo, maana kilichomwagika Jumapili moja hakisafishiki kwa Jumapili moja. Kisima cha Mkude kilizibwa kwa zege. Mtoto alizaliwa mdogo, wa kike, akalia kwa nguvu. Wanaendelea kumpeleka hospitali kila mwezi, na hakuna daktari aliyewaahidi kitu.

Lakini nataka tuirudie alasiri ya siku ile ya jembe. Mkude alirudi akakaa chini kando ya kisima chake, funguo bado shingoni. Habari ilikwishazagaa. Waliopita njiani walimkwepa kwa macho, wale wale aliowahesabia nyayo, na hakuna aliyemsalimu. Ndipo minyaa ikatikisika, akatokea Bibi Pulkeria na ndoo kichwani. Aliitua kwa taabu. Akampelekea Leokadia bilauri moja barazani, akarudi. Akachota kwa kata, na kabla ya kumpa Mkude akaonja kwanza, taratibu, upande ule ule ambao Mkude angenywea, ili asipate cha kushuku.

"Dada Pulkeria," Mkude akaanza, "mimi sokoni nilisema..."

"Nilisikia," akasema. "Kunywa kwanza."

Akaipokea kata kwa mikono miwili, na akanywa. Maji hayakuwa na ladha yoyote.

Nanyi mliofunga visima vyenu, mnaowahesabu majirani kwa vidole mkitafuta nani amewatilia sumu: mlizika nini, Jumapili ipi, na sasa kinashukia nyumba ya nani?