Jino la Mfalme wa Kerumba

Hapo zamani sana, piramidi zilipokuwa bado mpya na majirani wakilalamikia vumbi lake, palikuwa na mji uitwao Kerumba, ukingoni mwa mto mkubwa. Watu wake walifua chuma, wakamwabudu Mungu Simba, na aliyewatawala alikuwa Mfalme Talakamu. Nao walikuwa na desturi moja, iliyochongwa juu ya jiwe mlangoni mwa hekalu, ya kwamba jambo likimpata mfalme, sharti liwapate na watu wake. Baba yake Talakamu alipoangushwa na farasi akawa anachechemea, mji mzima ulichechemea mwaka mzima, maharusi kwa wazee. Talakamu mwenyewe alipopata mafua, watu walishinda sokoni wakipiga chafya, na asiyekuwa na chafya alijitia unyasi puani. Desturi ni desturi, sikatai, lakini nyingine zina wazimu.

Basi ikawa siku ya sikukuu ya mavuno, mfalme ameketi juu ya mito ya hariri, anapepewa kwa manyoya ya mbuni, vinubi vinapigwa, akauvamia mfupa wa paja la ng'ombe kwa pupa. Jino lake la mbele likang'oka, likabaki limenasa mfupani. Mfalme akajitazama katika sinia ya shaba, akaliona pengo, akalia kama mtoto. Kisha akawatazama wageni wake, meno yao meupe yamejipanga, na wivu ukamshika. Akamwita Horemu, kuhani mkuu wa hekalu la Simba, akamwuliza desturi yasemaje.

Horemu alikuwa mtu asiyecheka hata akitekenywa. Akajibu, "Yasema kila mtu apoteze jino lake la mbele, ewe Mfalme." Yeye hakuona hasara, maana meno yake ya mbele yalikwisha kung'oka zamani. Mbiu ikapigwa, ya kwamba kesho kutwa watu wote wakutane uwanjani mwa hekalu, na mhunzi atakuwapo na koleo lake.

Sasa, mjini mle mlikuwa na fukara mmoja aitwaye Shebo, ambaye watu walimhesabu kuwa punguani. Hakuwa na shamba wala punda. Mali yake yote ilikuwa kinywani. Alikaa sokoni akipasua kwa meno makoma, yale matunda ya mkoma yaliyo magumu hata kisu huyaogopa, na kila aliyepasuliwa kumi humwachia moja. Ndivyo alivyomlisha mkewe, Nasala.

Nasala aliposikia mbiu akamwambia, "Mume wangu, meno yakienda tutakula nini?"

"Tutakunywa uji."

"Uji wa unga upi? Au utakwenda kumsagia mtu kwa ufizi?"

Shebo akaketi kizingitini akilipapasa jino lake kwa ulimi, naye ameingiwa na hofu kwelikweli, maana mtu aweza kuishi bila nyumba, lakini bila kazi na bila chakula haishi. Siku iliyotajwa ilipofika akajifunga shuka yake kuukuu kiunoni, akaenda hekaluni kabla ya wote, akasimama mbele ya mhunzi, akapanua kinywa. Mfalme alikuwa ameketi pale kutazama.

Koleo lilipomkaribia, Shebo akafumba kinywa. "Ewe Mfalme, uishi milele. Mimi ni mjinga, sijui kusoma. Naomba kuhani anisomee maneno ya jiwe, nife nikijua nafia nini."

"Hufi, unang'olewa jino," akasema mfalme. "Msomee."

Horemu akasoma kwa sauti nzito, "Lililompata mfalme na liwapate watu wake, kwa namna ileile, pasipo kuzidisha wala kupunguza."

"Ahsante, baba kuhani. Je, Mfalme aling'olewa kwa koleo?"

"Hasha!" akasema mfalme. "Nani angethubutu?"

"Basi mhunzi akining'oa kwa koleo, nitakuwa nimepatwa na jambo ambalo halikumpata Mfalme. Huko ni kuzidisha. Mimi fukara nimzidi Mfalme wangu? Sina adabu mbovu namna hiyo."

Horemu akalitazama jiwe, akalitazama tena, lakini jiwe halikubadilika.

"Unataka nini basi?" akauliza mfalme.

"Sitaki kitu, Mfalme. Jiwe ndilo linataka. Linataka mito ya hariri, manyoya ya mbuni, vinubi, na paja la ng'ombe aliyenona. Nitauma mpaka jino litoke. Na hawa nao vivyo hivyo."

Mfalme alikuwa mtu wa desturi, tena mkaidi, akaona maneno yale yana haki. Akaamuru ng'ombe wa kifalme wachinjwe. Ikawa Kerumba yote inakaa juu ya mito kwa zamu, inapepewa, inakula. Wafuma nguo wakala, wavuta mitumbwi wakala, mhunzi akaliweka koleo chini akala kuliko wote. Akaja na bibi kizee mmoja asiye na jino hata moja, akaulizwa amekuja kupoteza nini. Akasema, "Mpeni kwanza bibi mchuzi, mwanangu, hayo mengine tutayazungumza."

Zikapita siku saba. Horemu akaja mbio kwa mfalme. "Wanatafuna kwa hila! Hakuna jino lililotoka!"

Mfalme akamwita Shebo, ambaye mashavu yake yalikuwa yameanza kujaa. "Mbona jino lako lingalipo?"

"Ewe Mfalme, najitahidi mpaka taya zinauma. Lakini kuuma kama ulivyouma wewe ni karama ya kifalme. Sisi raia hatukujaliwa. Labda kesho. Au kesho kutwa."

"Zizini amebaki ng'ombe mmoja," akasema mfalme.

"Basi tutamwuma huyohuyo, kwa heshima yako."

Mfalme akamtazama Shebo, akamtazama Horemu aliyekuwa akitetemeka kwa hasira, ghafla kicheko kikamponyoka. Akacheka mpaka taji likamdondoka, na pengo lake likaonwa na kila mtu, naye asilijali. Akasema, "Kila mtu abaki na meno yake. Na jiwe lile ligeuzwe, maandishi yaelekee ukutani. Ewe Shebo, ng'ombe aliyebaki ni wako."

Shebo akamwongoza ng'ombe wake mpaka nyumbani, akamchinja. Jioni, mfalme akaagiza chakula jikoni mwake, akaambiwa hakuna hata ukwato. Akazunguka jumbani, njaa ikamzidi, mwishowe akafuata harufu ya mchuzi mpaka mlangoni pa Shebo, akabisha hodi kama mtu yeyote. Akakaribishwa, akakaa juu ya mkeka, akatengewa bakuli.

Alipokuwa ananyoosha mkono kuchukua mfupa, Nasala akaushika mkono ule, kwa adabu lakini kwa nguvu.

"Kunywa mchuzi, Mfalme wangu," akasema. "Mfupa uache. Nchi hii haina ng'ombe wa jino la pili."