Nusu ya Kwanza ya Mwezi

Bwawa la Siwema lilikuwa likikauka, na bata wake wakaanza kukonda. Alichota kapu moja la magugu laini yaeleayo majini, ndiyo malisho yao, akaenda kwa Bwana Shekiondo, tajiri mwenye bwawa lisilokauka.

"Niruhusu niyaoteshe kwako, mzee wangu. Kapu moja hufikia makapu tisa kwa mwezi."

"Maji ni yangu. Nataka nusu."

"Haya. Yatakayoongezeka nusu moja ya mwezi yawe yako, nusu nyingine yawe yangu, na tusivune mpaka mwezi uishe. Ila naomba nusu ya kwanza iwe yangu."

Shekiondo akacheka. "Tangu lini mtoto akanawa mikono kabla ya wakubwa? Ya kwanza ni yangu."

"Unanionea, mzee."

"Nakufunza adabu."

Katikati ya mwezi walipima, wakakuta makapu matatu. Shekiondo akanuna. "Nimepata mawili tu?"

"Na nusu yangu itakwenda mwendo huohuo, mzee."

Shekiondo akaridhika.

Mwezi ulipoisha walivuna makapu tisa. Siwema akatenga lake la mbegu, akampa Shekiondo mawili, akaanza kujitwika sita.

"Wewe! Si ulisema mwendo ni huohuo?"

"Ndio huohuo, mzee. Kwako kapu moja likawa matatu. Kwangu kila kapu likawa matatu, ila mimi nilianza na matatu uliyoniachia."

Shekiondo akayatazama makapu yake mawili. "Mwezi ujao," akasema polepole, "utatangulia wewe."