Ngazi Aliyopanda Bosi Mkwizu

Siwatu, mtunza bohari ya ngazi za mbao, alizifunga zile mbovu utepe mwekundu ili mafundi wasizipande. Bosi Mkwizu akaja akazikata tepe zote.

"Mbovu wapi? Zote nzima! Zipandwe leo hii!"

"Sawa, bosi. Ila desturi yetu unaijua: anayeipitisha ngazi ndiye anayeipanda kwanza."

Mafundi walikuwa wanamtazama. Bosi akapanda ile aliyoletewa na Siwatu, kifua mbele. Alipofika juu, kitu kikalia ka!

"Nishikieni jamani!" akapiga kelele. "Zile za utepe zote zikachomwe kuni, ziletwe mpya!"

Siwatu aliishika ngazi kwa mkono mmoja. Ilikuwa nzima kuliko zote. Mkono wa pili, nyuma ya mgongo, ulikuwa na kijiti kikavu kilichovunjika katikati.