Kilemba Kimoja, Vichwa Vitatu

Hapo zamani, na msiniulize mwaka gani, maana mimi sikuwapo na nyinyi hamkuwapo, palikuwa na mji wa Mkunguni uliopenda nyimbo kuliko chakula. Katika mji huo mtu hakuhesabiwa kuwa mwimbaji mpaka amfunge mwalimu wake kilemba mbele ya watu. Kilemba kimoja, kichwa kimoja, mara moja tu maishani. Tangu siku hiyo alifuata njia ya mwalimu huyo, na akija kufundisha hufundisha kwa njia hiyohiyo.

Basi palikuwa na msichana, Mishi binti Hamadi. Sauti anayo, pumzi hana. Akifika katikati ya ubeti anakatika kama uzi mbovu. Akaenda kwa Bi Kazija, mwimbaji mkubwa wa mji.

Bi Kazija alikuwa mkali, wee! Kila asubuhi alimkalisha Mishi mbele ya jiko la mkaa. "Puliza. Polepole. Ikiruka cheche moja, unaanza upya." Mishi akapuliza, cheche ikaruka, akaanza upya. Akapuliza mwaka mzima, jioni akijiimbia uani kwa sauti yake ya kukatika, mpaka mkaa ukawa mwekundu bila cheche hata moja. Kisha Bi Kazija akaimba mstari, Mishi akaufuata. Akaimba mwingine, Mishi akaufuata. Mwaka wa pili wapita njia walisema, "Bi Kazija leo kaamka vizuri," kumbe ni Mishi.

Bi Kazija akafurahi, na hapo ndipo alipokosea. Alitaka sauti ile ipande mpaka pale yake ilipopanda ujanani. "Juu! Bado! Juu!" Mishi akapanda, akapanda, siku moja koo likamfunga. Akafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Bi Kazija akachemsha tangawizi, akachemsha karafuu, wapi! Akalia, mama yule mkali, mbele ya mwanafunzi wake.

Mishi akapelekwa kwa Fundi Kombo, mwamba ngoma, aliyewafundisha wachache kuimba, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akiimba. "Miezi mitatu usiseme neno," akamwambia. "Kaa hapa, sikiliza ngozi zinavyokauka."

Mwezi wa pili Mishi akachoka. Akafunga kifurushi chake aende shamba kwa shangazi, nyimbo basi. Njiani akashikwa mkono na Mwanasiti, muuza maandazi aliyepakana ukuta na Bi Kazija.

"Si wewe uliyekuwa ukiimba nyuma ya ukuta wangu?" akauliza Mwanasiti. "Miaka miwili nakanda unga kwa sauti yako. Ulipoanza kumwiga bibi yule nilisikitika. Ile ya kwanza, ya kukatikakatika, ndiyo niliyoipenda. Rudi, mwanangu. Mimi nataka kuisikia tena."

Mishi akarudi. Kila siku Mwanasiti akampelekea maandazi mawili, mpaka miezi ikatimia.

"Haya, imba," akasema Fundi Kombo.

"Nionyeshe, fundi."

"Sikuonyeshi. Utaniiga, nawe umeshaiga ya kutosha."

Mishi akaimba, akakosea. "Umesikia nini?" akauliza fundi. Akaimba tena. "Umesikia nini?" Mishi alilichukia swali lile! Lakini sauti ikaja, nzito kidogo, yenye mkwaruzo, isiyofanana na ya mtu yeyote.

Siku ya kilemba mji mzima ukakusanyika. Mishi akaimba. Watu wakapiga vigelegele. Kilemba kikaletwa juu ya sinia.

Bi Kazija akasimama. "Mmesikia ubeti wa mwisho? Pumzi moja, mwanzo hadi mwisho. Pumzi ile nilimpa mimi, mbele ya jiko. Nilimuumiza, nakiri mbele yenu. Lakini bila pumzi ile angeimba nini? Nami nimezeeka, sitapata mwanafunzi mwingine."

Fundi Kombo akasimama. "Pumzi ni ya Kazija, sibishi. Sauti je? Mimi nilikaa kando mpaka akajisikia mwenyewe. Wanafunzi wangu huondoka wakidhani hawakufundishwa. Ndiyo maana kichwa hiki hakijawahi kufungwa kilemba."

Mwanasiti alikuwa nyuma, unga mikononi. Watu wakamsukuma mbele. "Mimi si mwalimu," akasema. "Nikiimba, wanangu hutoka nje. Lakini siku alipokuwa hana pumzi wala sauti, alikuwa na mtu mmoja anayemsubiri. Kama kumrudisha mtu ni kumfundisha, basi nilimfundisha."

"Kikatwe vipande vitatu!" akapaza sauti mmoja wao. Wazee wakamzomea. Kilemba kikikatwa, ni vitambaa tu.

Mishi akakikunjua. Pembeni walikuwa wamesimama wasichana wanne waliokuja kumwomba awafundishe. Akawatazama, roho ikamuuma. Akifuata njia ya Kazija, watapata pumzi, na pengine koo moja litafungwa. Akifuata ya Kombo, watapata sauti zao, kama hawatakata tamaa mapema. Akimfunga Mwanasiti, atawapenda sana, lakini atawafundisha nini?

Akapiga hatua ya kwanza, kilemba mkononi.

Babu yangu aliponisimulia aliishia hapo, akanikodolea macho, nami nikakosa usingizi kwa hasira. Sasa zamu yenu. Wewe unayecheka hapo nyuma, anza wewe, na utoe sababu: je, ni kichwa cha nani kilichostahili kilemba kile?